Macho ya Mkunga

Kila jioni Mwalimu Stefania alimfundisha kwanza mama mwenye nyumba, Darasa la Sita wakafuata kesho yake. Alikuwa na tabia ya kuandaa masomo kwa sauti. Akishaoga na kukaa barazani, alikuwa akisoma, akijiuliza maswali, akijijibu, huku Rhobi akichambua maharage pembeni kwa vidole. "Mama ukielewa wewe, Darasa la Sita nao wataelewa," alipenda kusema. Mwanzoni Rhobi alilipokea neno hilo kama sifa. Baadaye, akiwa kitandani, alilifikiria tena, akaona huenda ametukanwa. Asubuhi alikuwa amesamehe.

Mwalimu alitoka Mtwara, serikali ikamtupa Ringwani, huku mwisho kabisa wa dunia kwa mtu wa kwao. Alifika na begi moja na jiko la mchina, hajui neno hata moja la Kikurya, na ng'ombe akimkoholea anakimbia. Watu walipokuwa bado wanaulizana atakaa wapi, Rhobi alisema, "Mpeni kile chumba cha mbele," mjadala ukaishia hapo. Rhobi akishasema, Ringwani nzima haina la kuongeza. Nusu ya kijiji alikipokea yeye mwenyewe kikitoka tumboni, tangu zamani zile zahanati haijajengwa. Siku hizi akina mama wanajifungulia kwa nesi, na kazi yake imebaki kuwasindikiza wajawazito na kuwagombeza waume zao, lakini watu bado wanamwita Mkunga. Jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo.

Macho tu ndiyo yaliyomwangusha. La kushoto lilijua kwamba ni mchana au ni usiku, basi. La kulia lilimwonyesha watu kama nguo zilizoanikwa, hajui yupi ni yupi mpaka wamsalimie. Ukungu huo ulianza kabla mwalimu hajafika, kwa hiyo hata huyo mpangaji wake alimjua kwa sauti na kwa harufu ya sabuni.

Muhula ule Darasa la Sita walikuwa kwenye somo la viumbe na mazingira yao. Mwalimu alikata shauri kuwafundisha bahari, watoto ambao maji makubwa waliyowahi kuyaona ni Mto Mara ukiwa umefurika. Aligundisha karatasi za manila, akazipaka rangi kuanzia samawati juu mpaka nyeusi tii chini, na jioni kwa jioni akawa anawajaza wanyama humo, kila mmoja mahali pake.

"Mwanga wa jua ukiingia majini haufiki wote, mama," alieleza. "Wekundu unakufa kwanza, hauendi mbali. Manjano inafuata. Bluu ndiyo inayozama mbali kuliko zote. Ukipita hapo hakuna kitu, mchana na usiku ni mamoja."

"Sasa huko chini wanaishije?"

"Kila mmoja na ujanja wake."

Rhobi alizipenda sana jioni zile. Aliambiwa kuna samaki wa pale mwanga unapofifia ambao wana taa tumboni. Wanaziwasha kiasi kile kile cha mwanga unaotoka juu, ili aliye chini yao asikione kivuli chao. Aliambiwa habari za wadudu wadogo sana, mabilioni, wanaopanda juu jioni kula na kushuka gizani alfajiri kabla adui hajawaona, dunia nzima, kila siku ya Mungu. "Hao ni ng'ombe wetu," alisema Rhobi, "ila wao wanakwenda malishoni jua likizama." Aliambiwa pweza hubadilisha rangi kushinda kinyonga na huku, kwa walivyopima wataalamu, rangi zenyewe hazitambui. Hilo alilikataa katakata. Kesho yake alimwuliza tena mwalimu kama ana hakika.

Siku ya kamba ndiyo iliyowaacha hoi. Mwalimu alisoma kwamba kamba wa kilindini ni mwekundu, na kwa kuwa wekundu haufiki kule, anaonekana mweusi na adui anampita. Rhobi aliacha kuchambua.

"Mwalimu. Kamba inaishi?"

"Anaishi, mama."

"Ya katani, au hii tunayofungia ndama?"

Stefania alicheka mpaka akashika mbavu. Aliposhusha pumzi alieleza kwamba kwao kamba ni mnyama mdogo wa baharini, ana miguu mingi na sharubu, na analiwa.

"Mnakula kamba."

"Kwa wali, mama. Mtamu kweli."

"Poleni," alisema Rhobi, kwa huruma ya dhati.

Lakini waliomkaa moyoni kuliko wote ni wale wa chini kabisa, kwenye manila nyeusi. Wengine macho yao yamebaki madogo yasiyo na kazi, wengine hawana kabisa. Wanaishi kwa kupapasa, kwa kunusa na kuhisi maji yakitikisika. Wanakula, wanazaa, wanazeeka. Rhobi alimwomba mwalimu arudie kipande hicho mara nyingi, akawa anasikiliza huku ametulia. Alikuwa amebeba hofu yake peke yake muda mrefu, na sasa amepata wenzake. Alimshukuru Mungu kwa kumletea binti wa watu kutoka mbali kuja kumwambia kwamba gizani pia kuna maisha.

Ndipo nesi Agustina wa zahanati alipomvizia. Rhobi alikuwa amemsindikiza mjamzito, amekaa benchi, nesi akamwinua kidevu na kummulika tochi bila hata kuomba ruhusa.

"Mama, huyu ni mtoto wa jicho. Pande zote mbili. Madaktari wa macho wanakuja Tarime wiki ijayo, watakaa siku chache tu. Anatolewa mtoto, unaona."

"Nesi," alijibu Rhobi, benchi zima likisikia, "mimi nimepokea watoto maisha yangu yote. Sijamtoa hata mmoja. Nianze uzee huu, tena wa kwangu mwenyewe?"

Benchi zima lilicheka, na Rhobi akacheka nao. Nesi hakucheka. Alieleza kwamba hilo ni jina tu, hakuna mtoto mle, ni kile kioo cha ndani ya jicho ambacho kimeingia ukungu. Kinatolewa, kinawekwa kingine. Kisha aliinama akanong'ona, kwa heshima ya mtu mzima, kwamba mama asicheze na jambo hili. Hilo la kushoto limeiva mno. Likiendelea hivyo litaleta presha ndani ya jicho, na mshipa wa kuonea ukishakufa hata daktari wa Ulaya hana la kufanya. La kulia litafuata.

Nyumbani mwanawe Nashoni, dereva wa bodaboda, alibembeleza. Mkewe, Nice, alibembeleza. Rhobi alikuwa na jibu moja kwa wote.

"Wale wa chini wanaona nini? Na wanaishi. Mimi nimeshazoea. Naenda jikoni peke yangu, naenda zizini, naenda chooni nyuma ya migomba, na hakuna aliyewahi kuniokota mtaroni. Miguu yangu inaijua nyumba hii. Niacheni na giza langu."

Kijiko cha mwalimu kilisimama kwenye sahani.

"Mama," alisema Stefania, sauti ikiwa chini, "wale hawakuwahi kuwa na mwanga wa kuupoteza. Wewe unao."

Rhobi alinawa mikono akainuka. Ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba aliogopa. Aliogopa kisu kikija usawa wa jicho na yeye yu macho. Zaidi ya hapo aliogopa kutumaini. Alikwisha kuagana na sura za wajukuu zake, akalia yakaisha. Sasa wanamtaka aanze upya, na kama isipowezekana, aagane nazo mara ya pili. Tangu siku ya zahanati ugali ulikuwa haupiti kooni, akawa anasukuma sahani na kusema ameshiba.

Madaktari walikuwa tayari wamefika Tarime jioni ile mwalimu alipofungua kitabu kwa madaha yasiyo ya kawaida. Alikohoa kidogo, kama mtu mwenye zawadi mgongoni.

"Leo, mama, nisikilize vizuri. Nimemweka wa mwisho makusudi." Akasoma: "Mkunga akishazeeka hujiandaa kwa safari yake ya mwisho. Huacha kula. Tumbo lake husinyaa. Rangi ya ngozi hubadilika. Macho yake hukua, yakawa makubwa kupita yalivyokuwa tangu azaliwe. Kisha usiku mmoja wa giza huondoka kimya kimya akaenda zake, na harudi tena."

Maharage yalimwagika. Rhobi alikuwa amesimama.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Mama?"

"Nimekupa chumba. Nimekupa maziwa. Ulipougua malaria nimekukanda kwa mikono hii. Kumbe unanichungulia sahani! Leo unanisomea kifo changu hapa barazani, wajukuu zangu wakisikia?"

Aliingia ndani akafunga mlango. Stefania aliachwa pale na kitabu chake, anageuza kurasa, haelewi kosa liko wapi.

Mnuno uliofuata ulikuwa wa kiwango cha juu. Rhobi akinuna hapigi kelele, anakuwa na adabu. "Shikamoo, mama," alisema mwalimu asubuhi. "Marahaba, mwalimu," alijibiwa, na hilo neno mwalimu lilikauka kuliko muhogo wa makopa. Maziwa aliletewa na mtoto, kikombe kimefunikwa vizuri. Jioni barazani hapakuwa na bahari wala nchi kavu. Rhobi alikaa chumbani mwake akiumia, maana alikuwa amempenda yule binti, na mtu usiyempenda hawezi kukuumiza kiasi kile. Na siku za madaktari zilikuwa zinayoyoma.

Nashoni ndiye aliyechoka. Alimketisha mama yake akamwuliza kuna nini, naye akamwambia neno kwa neno, kuanzia kuacha kula mpaka kutorudi tena. Nashoni alikuna kichwa. Akaenda kugonga chumba cha mbele. Rhobi alisikia minong'ono, kisha kimya, kisha sauti ya mwalimu ikipiga yowe, "Yesu wangu!" na ndara zikija mbio.

Stefania alipiga magoti mbele yake.

"Mama, mkunga ni samaki."

"Mkunga ni mimi."

"Na wewe ndiyo, mama. Lakini kwetu Mtwara mkunga ni samaki pia. Mrefu hivi, anateleza, kama nyoka wa majini."

"Kama kamongo wa ziwani, mama," alisaidia Nashoni.

"Wewe mura, nyamaza. Usitetee." Rhobi alimgeukia mwalimu. "Juzi kamba. Leo mkunga. Kila neno likikukaba unaligeuza samaki. Kesho utaniambia na nesi naye ni samaki, yuko kilindini, ana taa."

Stefania alitaka kucheka, kilio kikamtangulia, vikatoka vyote viwili kwa pamoja. Alitoa simu, akahangaika na mtandao, hatimaye akamwekea Rhobi mkononi. "Huyu hapa. Picha yake hii. Mtazame mwenyewe, mama. Kama ni mwanamke, nifukuze leo leo."

Rhobi aliipokea simu, akaisogeza karibu na jicho la kulia mpaka ikagusa kope. Akaona weupe. Akaigeuza upande. Weupe. Aliishusha, akaiinua, akaikwepesha na jua la mlangoni. Alitaka kuona kuliko alivyowahi kutaka kitu miaka ya karibuni, kwa sababu ndani ya ule weupe kulikuwa na mwanamke au samaki, na kama ni samaki, basi siku zote hizi amemwadhibu mtoto wa watu bila kosa.  Nice alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Sioni," alisema Rhobi. Lilitoka dogo, neno ambalo hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile. "Sioni kitu, mwanangu."

Stefania alimshika magoti, akaanza kueleza upya, polepole. Mkunga huyo huzaliwa baharini, akiwa mdogo hupanda mito, akaishi bara miaka mingi, mbali na alikozaliwa. Uzeeni, wakati wa kurudi baharini ukifika, macho ya mtoni hayamtoshi tena, kwa sababu njia yake inapita kwenye mwanga hafifu wa bluu. Basi mwili unamwongezea macho. Yanakua, yanapanuka, na kule ndani yanabadilika ili yaishike ile bluu.

"Wewe kila siku unaniambia wale wa chini wasio na macho," alisema. "Nikasema lazima baharini yuko mmoja anayepewa macho mapya akiwa mzee. Nimemtafuta sana, mama. Nilipompata nikaona jina lake, nikafurahi kama mjinga. Nikasema huyu Mungu mwenyewe ndiye ameniletea."

Rhobi alimrudishia simu.

"Na ile ya kwamba harudi tena?"

"Ile nilipaswa kuiruka."

Kwanza alicheka Nice. Kisha Nashoni. Rhobi alijibana, akabana midomo, mwishowe akashindwa, akacheka mpaka akaomba maji. Alipokwisha kunywa alijifuta kwa kanga.

"Nashoni, jaza mafuta pikipiki. Nakwenda Tarime. Nikarudishiwe macho nije nimwone huyo mkunga mwenzangu. Na nikikuta ni mwanamke amefunga kitenge, mwalimu, utahama na jiko lako."

Waliondoka alfajiri mshikaki, Nashoni mbele, mama katikati, mwalimu nyuma akiwa ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Walivuka Mto Mara, Rhobi akausikia tu chini ya daraja. Nyamongo waliacha pikipiki, wakapanda Probox, vumbi la malori likiwafuata. Njia nzima hakusema kitu ila kuomba kimoyomoyo. Hakuomba kuona. Aliomba asije akawapigia makelele madaktari wakamwona mwoga.

Walianza na lile la kushoto. Alichomwa sindano pembeni ya jicho, ganzi ikashika, akafunikwa uso. Alikuwa amejiandaa kwa giza. Badala yake, kwa jicho lile lile lililokuwa likifunguliwa, akaona taa. Zilikuwa tatu, kisha moja, kisha zikatawanyika, zikaogelea polepole, nyeupe, pinki, na ukingoni rangi ambayo hakuweza kuitaja. Hakuna kilichouma. Alikumbuka kule chini kabisa kwenye manila nyeusi, mwalimu alikosema wapo wanaojitengenezea mwanga wao wenyewe, na hofu yote ikamtoka. Alijisikia mgeni aliyekaribishwa.

"Haya mama, tunamtoa sasa," alisema daktari.

"Mpokee vizuri," alisema Rhobi.

Usiku walilala Turwa, kwa mwalimu mwenzake Stefania, na asubuhi wakarudi hospitali kufunguliwa. Bandeji ilipotoka Rhobi alikuwa amefumba jicho. Nesi alimwambia afumbue. Alikataa. Nesi akamwambia tena. Alifumbua kidogo, na kitu cha kwanza kilichoingia kilikuwa pazia la dirishani.

"Ile ni nini ile?"

"Pazia, mama."

"Najua ni pazia. Nauliza rangi."

"Bluu."

Alikuwa ameisahau. Kwa miaka ukungu ule ulimletea dunia yote ya kahawia na kijivu, hata sketi za watoto wa shule, wala hakujua kwamba kuna rangi aliyonyang'anywa. Alilitazama pazia lile kuukuu, lililochanika pindo, kama watu wanavyomtazama bibi harusi. Akauliza kama bahari iko hivyo, na sauti aliyoijua ikamjibu kwamba inakaribia. Ndipo alipogeuka kumtazama mwenye sauti.

Miaka yote hiyo alikuwa akisema mwalimu hivi, mwalimu vile, akiona akilini mwanamke mtu mzima, mnene kidogo, mwenye miwani. Aliyekaa kitandani pembeni yake alikuwa msichana mwembamba, ana mwanya, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Angeweza kuwa kitinda mimba wake.

"Mbona wewe mdogo hivi?" alisema Rhobi.

Stefania alipapasa mfukoni. Alitoa simu akamwonyesha picha. Rhobi aliitazama kwa makini ya mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Ni samaki," alikubali. "Tena mbaya. Lakini macho kweli anayo." Akamrudishia simu na kumshika shavu. "Nisamehe, mwanangu. Nimekununia bure, nawe ulikuwa unanitafutia macho mpaka chini ya bahari."

Daktari alimpangia tarehe ya jicho la pili, akampa dawa ya matone na masharti yake: asiiname, asibebe ndoo, asilisugue jicho, asiliache lilowe. Rhobi aliitikia yote. Njiani kurudi hakunyamaza. Alitangaza kila alichokiona, mbuzi, mabati mapya, muhindi uliokauka, mlevi, mpaka dereva wa Probox akamwomba apumzike kidogo. Alishukuru kwa mlevi na alishukuru kwa mbuzi. Nyamongo Nashoni alichukua pikipiki yake, wao wakaendelea na Probox, na walipovuka daraja aliomba gari isimame ili auone Mara, na watu wote ndani ya gari wakashuka wakautazama naye.

Walifika Ringwani jua bado liko juu. Nice alitoka jikoni na vigelegele, watoto wakamrukia bibi yao, naye akawashika videvu mmoja mmoja, akisema huyu ni babu yake mtupu, huyu nani kampa masikio haya. Kisha aliinua uso aitazame nyumba yake, akasita.

Kutoka langoni mpaka mlango wa jikoni kulikuwa na mistari miwili ya mawe, kulia na kushoto, na kila jiwe limepakwa chokaa, jeupe pe. Miimo ya mlango wa jikoni ilikuwa nyeupe mpaka usawa wa bega. Ukingo wa ngazi ya baraza ulikuwa mweupe. Nguzo ya zizi, mdomo wa pipa la maji. Alizunguka nyuma ya nyumba, wote wakimfuata. Mawe yalipita katikati ya migomba, yakakata kona palipo na mtaro, yakaenda mpaka mlango wa choo.

Marehemu mumewe, Machage, hakuwahi kuwa na chokaa maisha yake yote, wala yeye.

"Nani amepaka?"

Nashoni alitazama chini. Nice alisema, "Mwalimu, mama. Tangu mwaka juzi. Mvua ikiosha anarudia, siku ya Sabato wewe ukiwa kanisani, maana yeye anasali Jumapili. Alisema hutaki kushikwa mkono. Akatuapisha tusiseme."

Stefania alikuwa amebeba begi, anajaribu kuingia chumbani kwake kimya kimya.

"Simama hapo," alisema Rhobi.

Alilisogelea jiwe la kona, lile la mtaroni, akaligusa kwa ncha ya kidole cha mguu. Mara ngapi amekata kona hii usiku na asubuhi, akijisifu. Jicho lake bovu lilikuwa likihisi weupe, nalo likaiambia miguu, na miguu ikajichukulia sifa.

"Mimi nilisema nimezoea giza," alisema. "Nikawatambia watu. Kumbe sikuwahi kutembea gizani hata siku moja. Wewe ulikuwa unaniwashia."

Machozi yalianza kumtoka, yakawa yanashuka jicho la zamani na jicho jipya, asijaribu kuyazuia. Nice alishtuka, akamkimbilia na kitambaa.

"Mama, daktari amekataza! Usilie, mama, jicho!"

"Silii," alisema Rhobi, akimvuta mwalimu kifuani na begi lake. "Nashukuru. Daktari hakukataza kushukuru."